Ufundi wa Kuuliza Saa

Mfanyabiashara wa dagaa wa jumla hapa Mirongo, Mwanza, akitaka kujua mauzo ya leo, hufungua simu akasoma jumla. Nyuma ya jumla hiyo kuna mtu aliyeandika swali la kanzidata, na kazi yake ikiwa nzuri haionekani. Mimi hupenda kuitazama, hasa pale fundi anapouliza jambo linaloonekana dogo: saa hizi ni saa ngapi?

Fundi makini haiulizi simu ya mteja, kwa kuwa saa ya simu huweza kuwa mbele dakika tano, au ikarudishwa nyuma kwa makusudi. Huiuliza seva, ili wote wafuate saa moja. Kisha huchagua ni "sasa" ipi anayoitaka. Katika kanzidata ya PostgreSQL, now() hutoa wakati muamala ulipoanza, na haisogei mpaka muamala uishe. Magunia yanapotolewa stoo na pesa kuingia kwenye hesabu ndani ya muamala mmoja, maingizo yote mawili hupata muda uleule, hata seva ikizidiwa katikati. Akitaka kupima kazi imechukua muda gani, huita clock_timestamp(), ambayo huendelea kutembea. MySQL ina utaratibu wake: NOW() hushika mwanzo wa amri, SYSDATE() husoma saa papo hapo.

Ugumu zaidi uko kwenye mpaka wa siku. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, na Mwanza iko saa tatu mbele. Ukiiachia seva, tarehe hapa itageuka saa tisa usiku, na gunia lililouzwa saa nane litahesabiwa la jana. Kwa hiyo fundi huhifadhi muda kwa UTC, lakini anapouliza mauzo hutaja ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam, siku ianze saa sita usiku ya kwetu.

Mwisho wa siku nao una adabu yake. Fundi haandiki "hadi 23:59:59". Huandika kuanzia mwanzo wa leo, chini ya mwanzo wa kesho. PostgreSQL hupima muda hadi sehemu ya milioni ya sekunde, na malipo yaliyoingia ndani ya sekunde ile ya mwisho yangebaki kwenye kanzidata bila kuhesabiwa katika jumla.

Mfanyabiashara hana haja ya kuyajua haya. Ajumlishe risiti zake kwa mkono, shilingi kwa shilingi, zitalingana na simu.