Ziara ya Eastlands iliharibikia raundabauti ya City Stadium

Basi la ziara lilitoka Muthurwa, Nairobi, likashika Landhies Road, na hadi hapo sina ugomvi mkubwa na waandaaji. Lilipofika raundabauti ya City Stadium njia ilikuwa wazi: nenda mbele, ingia Jogoo Road. Likakata kulia. Likashika Lusaka Road, likateremka Industrial Area hadi kwenye yadi yenye geti refu, ambako nganya (matatu zilizochorwa) tatu zilikuwa zimeoshwa na kupangwa ubavu kwa ubavu, injini zimezimwa. Wageni wakashuka, wakapiga picha, wakaambiwa kwamba hii ndiyo sanaa ya Eastlands, kisha wakarudi kwenye basi lao la kukodi. Video ya ziara ipo, kwa hiyo sitarudia nani alisema nini. Nataka tuiangalie ile kona ya kulia, kwa sababu ziara nzima ilifia hapo.

Nganya huchorwa ili isomwe ikiwa barabarani. Mchoraji anayeijua kazi yake haanzi na rangi, huanza na swali la nani atatazama, akiwa wapi, na kwa muda gani. Mgongo wa gari husomwa na dereva aliye nyuma na abiria wake wa kiti cha mbele. Hao wamekwama kwenye foleni na wana dakika nzima, pengine tatu. Ndiyo maana mgongo hupewa sura ya mtu, kivuli cha pua, jasho kwenye paji la uso, maneno madogo yanayohitaji kusogelewa. Ubavu husomwa na mtu aliyesimama steji, naye ana sekunde chache tu. Kwa hiyo herufi za ubavuni huwa nene, zimelazwa kuelekea mbele, na rangi mbili zisizopatana huwekwa bega kwa bega ili jicho likamate jina hata kama gari halijapunguza mwendo. Uso wa mbele una kazi moja: anayengoja ajue ni ipi inayokuja. Na ndani, zile taa na skrini za darini zimepangiwa saa za jioni, abiria wakiwa wamejaa na muziki uko juu.

Sasa rudi kwenye yadi. Magari matatu yameegeshwa sambamba, na nafasi kati ya moja na lingine ilimtosha mtu mmoja kupita akijibana. Ina maana kwamba kati ya mbavu sita zilizochorwa, nne hazikuweza kutazamwa na mtu yeyote. Huwezi kusoma ubavu wa Isuzu ya viti 33 ukiwa umeugusa kwa bega. Angalia wageni wenyewe kwenye video: wote wamejikusanya mbele, kwenye grili na taa, sehemu yenye mchoro mdogo kuliko zote. Yule mama mwenye kofia nyeupe alijaribu kurudi nyuma ili apate picha ya gari zima, akagonga ukuta. Taa za ndani ziliwashwa jua likiwa kali, hazikuonekana. Muziki uliwekwa chini ili mwongozaji asikike. Kila kitu ambacho nganya hufanya kilizuiwa na mpangilio wa yule aliyesema anaionyesha.

Nimesikia utetezi. Usalama, na muda. Wanasema Jogoo Road haitabiriki, kwamba kikundi cha wageni kingekwama. Lakini kukwama ndiko kulikohitajika! Foleni ya Jogoo Road ndiyo inayompa mgeni nafasi ya kusoma migongo, moja baada ya nyingine. Katikati ya asubuhi, kuanzia saa nne hivi, magari mengi yanangoja abiria. Squad, yaani dereva na makanga wake, ikikodiwa kwa saa mbili itafurahi, na sacco zimezoea: nganya hukodishwa kwa harusi, kwa matanga, kwa mashabiki wa mpira wanaosafiri. Hakuna jipya lililohitaji kubuniwa. Wapandishe wageni gari moja lenye makanga wake na dereva wake, nyuma yake wafuatane na magari mengine yaliyo kazini, na ziara inajiendesha yenyewe hadi Buruburu.

Tena waliponyimwa Jogoo Road hawakunyimwa michoro peke yake. Walinyimwa mitaa. Ukivuka ile raundabauti unakutana na Kaloleni, iliyojengwa miaka ya arubaini, yenye ukumbi wa jamii uliokuwa na siasa kali kiasi cha kubandikwa jina la House of Commons. Unapita Makongeni ya watu wa reli, unapita Maringo. Kuna Mbotela, iliyopewa jina la Tom Mbotela aliyeuawa 1952, na kuna Ofafa, kwa jina la Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka uliofuata. Makanga wa zamani alikuwa anayataja majina haya yote akiwa ananing'inia mlangoni, kwa mpangilio, bila karatasi. Mgeni aliyeketi dirishani alijifunza ramani ya Eastlands kwa masikio kabla hajashuka. Mwongozaji wa siku ile alikuwa na maikrofoni na hakutaja hata mtaa mmoja kati ya hii.

Waliopanda matatu za njia ya 58 miaka ya tisini watanielewa. Manyanga za Buruburu hazikuwa na mtu wa kuzieleza, na hazikumhitaji. Ulisikia besi kabla hujaona gari, ukasoma jina, ukaamua kuiacha ya kwanza na kungoja ya pili kwa sababu ya pili ndiyo iliyokuwa inazungumziwa mtaani. Watu walichelewa kazini kwa hiari. Makanga alimwita mama mzee "mathe" na kumshika mkono apande, kisha akapiga bodi mara mbili na gari likaondoka naye akiwa bado nje. Ule ulikuwa uongozaji wa wageni wa kiwango ambacho sijaona tena. Nikiwaambia vijana wa kampuni za utalii wananisikiliza kwa heshima, halafu wanakwenda kukodi basi lenye vioo visivyofunguka.

Na hapa lazima niseme tena kuhusu mstari wa manjano wa matatu, ingawa nimeuandika sana. Nganya zote tatu za yadini zilikuwa nao, na mwongozaji alipoulizwa ni wa nini alijibu kwamba ni urembo. Hapana. Ni Tangazo la Kisheria namba 161 la mwaka 2003, kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 vilikuwa uamuzi sahihi na viliokoa watu. Mstari wa manjano wa milimita 150 haukuokoa mtu. Ulipita katikati ya ubavu, pale pale ambapo mchoraji huweka kifua cha mtu au tumbo la herufi, ukakata kila mchoro vipande viwili. Magari ya Eastlands yakapakwa rangi tupu. Mafundi waliokuwa wameishi kwa brashi wakahamia vibao vya kinyozi na vya duka la dawa. Michoro ilirudi kwa nguvu Uhuru Kenyatta alipokuwa rais na kuwatetea vijana hadharani, kisha Novemba 2018 msako wa waziri Fred Matiang'i ukawatia hofu upya.

Tazama jinsi wachoraji walivyojibu, kwa sababu huu ndio ufundi ambao wageni walipaswa kuonyeshwa. Kuna aliyeugeuza mstari kuwa mkanda wa suruali ya msanii aliyemchora. Kuna aliyeupeleka nyuma ya herufi ili uonekane na usionekane, herufi zikiwa na kingo nyeusi zinazoumeza. Kuna aliyeujengea moto kuanzia kwenye ukingo wake wa juu, manjano ikawa mwanzo wa machungwa na machungwa ikapanda kuwa nyekundu. Gari la kushoto kabisa yadini lilikuwa la aina hii ya tatu, kazi safi ya eabrashi, na lilikuwa limeegeshwa ubavu wake bora ukitazama ukuta.

La katikati lilisifiwa kuliko mengine, na mgongo wake ulikuwa stika. Nimeirudisha ile sehemu ya video na kuisimamisha. Kwenye kona ya chini, karibu na bamba la namba, ncha imeinuka na vumbi limeingia chini yake. Juu ya ribiti stika haikulala, imefanya viputo vidogo. Ukitazama shavu la ile sura unaona nukta za uchapishaji, hakuna alama ya mkono. Kamera ilikuwa karibu vya kutosha, na mwongozaji akasema imechorwa kwa mkono. Stika ina mahali pake, hasa mwenye gari akitaka kubadilisha sura kila baada ya miezi michache. Lakini kumwambia mgeni kuwa karatasi iliyotoka kwenye printa ni mkono wa fundi ni kumdhulumu fundi. Mkono wa mchoraji Moha, kwa mfano, unatambulika kutoka ng'ambo ya barabara: macho ya sura zake yana unyevu, na mwanga unatoka upande mmoja tu kwa gari zima. Miaka mingi ya kazi imeingia humo.

Vituo vya asubuhi, kabla ya yadi, vilikuwa tofauti. Kariokor ilikwenda vizuri, wageni walikaa na wasusi wa viondo na hawakuharakishwa. Kwa wachongaji wa Kikamba wa Gikomba pia, hasa walipoelezwa jinsi Mutisya Munge alivyojifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi nao ufundi Ukambani.

Kamukunji ndiyo iliyonifanya nikasirike zaidi na ile kona, kwa sababu pale waandaaji walionyesha kwamba wanajua. Waliwaacha wageni wasimame karibu na fundi wa masanduku. Ana kipande cha reli kilichozikwa nusu ardhini, na bati la pipa lililokatwa na kunyooshwa. Anakunja ukingo kwa mapigo mafupi, anageuza, anakunja tena, kona inafungwa bila kuchomelewa. Huwezi kuelewa sanduku lile kwa kulikuta dukani limepakwa rangi, unalielewa kwa kelele zake. Rais Moi alipofika Kamukunji mwaka 1985, siasa zake tuziweke kando, aliwakuta mafundi hawa wakigonga juani na akaahidi mabanda. Mabanda yakajengwa, na kufikia 1992 serikali ilikuwa na waraka rasmi wa bunge kuhusu jua kali. Ziara ile ilizaa kitu kwa sababu mgeni aliikuta kazi ikifanyika mahali pake, katika hali yake halisi. Fikiria kama wasaidizi wake wangempelekea masanduku matatu yaliyong'arishwa ofisini.

Wenzetu wa miji midogo wanalijua hili. Summerville, mji mdogo wa Georgia kusini mwa Marekani, unawavuta watu kwa bustani ya Howard Finster, mhubiri na fundi wa baiskeli aliyefariki 2001. Vyuma chakavu, chupa na vioo vilivyovunjika vimejengwa kuwa kuta na minara, na mgeni anatembea katikati yake kwa miguu. Hakuna aliyeona busara kung'oa mnara mmoja na kuupeleka kwenye maegesho ya hoteli ili watalii wasichafue viatu. Na Finster angeielewa Kamukunji kwa dakika moja.

Umaliziaji wa Ziwani ulikuwa mzuri: uwanja wa Umeme, ambako mashindano ya soka ya Koth Biro huchezwa, vumbi, watoto, mpira wa kweli. Ila wageni walifika pale wakiwa wamechoka kukaa ndani ya basi, na nusu yao hawakushuka. Hilo nalo ni deni la Lusaka Road. Mpito kati ya kituo na kituo ukiwa mfu, hata kituo kizuri hupokelewa na watu waliolala.

Nasikia ziara nyingine inapangwa. Mpangilio wa asubuhi ubaki kama ulivyo: Kariokor, Gikomba, Kamukunji kwa miguu. Kutoka Kamukunji wageni watembee hadi Landhies Road, si mbali. Hapo wapande nganya iliyochorwa kwa mkono, na mchoraji mwenyewe awepo ndani, alipwe kwa siku hiyo kama anavyolipwa mwongozaji. Wanaotaka kusoma migongo wakae mbele na dereva, kwa zamu, wabadilishane Makadara. Wengine wakae dirisha la kushoto, upande wa steji, wawaone watu wanavyolitazama gari linapopita, kwa kuwa nusu ya maonyesho iko kwenye nyuso za wanaongoja. Muziki usipunguzwe. Maikrofoni iachwe nyumbani, makanga anatosha. Na lile basi la kukodi, kama bima inalidai, litangulie likawangoje Buruburu, Mumias South Road.