Kifaurongo: jina lenye uchunguzi ndani yake

Ukipanda kutoka Morogoro mjini kuelekea Morningside, chungulia pembezoni mwa njia. Ukikuta mmea mfupi wenye miiba na vijani vidogo vidogo, uguse. Vijani vinajikunja palepale, kikonyo kinainama, utadhani umenyauka. Subiri dakika kadhaa, unarudi kama kawaida.

Darasani tunauita Mimosa pudica, kama alivyouandika Linnaeus mwaka 1753. Mimosa lina asili ya Kigiriki, mimos, yaani mwigizaji. Pudica ni Kilatini, mwenye haya. Kiswahili kina jina lake la zamani ambalo wengi wetu hatulitumii tena: kifaurongo. Lifungue: ki-fa-urongo. Kinachokufa kwa urongo, uongo wa leo.

Hebu liangalie vizuri. Katika "kipaza sauti", sauti ndiyo inayopazwa. Katika kifaurongo, urongo haufanywi chochote. Wenyewe ndio namna ya kufa.

Sasa tuyapime haya majina mawili. "Haya" ni hisia ya binadamu iliyovikwa mmea. Kifaurongo linaeleza kinachoonekana, na linakaribia kabisa fiziolojia. Mmea ukinyauka kweli, unapoteza maji na seli zinalegea. Hapa, kwenye shina la kila kijani na kikonyo kuna kivimbe. Ukigusa, ayoni za potasiamu na kloraidi zinatoka kwenye seli za upande mmoja, maji yanazifuata, seli zinalegea, jani linajikunja. Kulegea ni kwa kweli, ila maji yamehama tu ndani ya mmea. Baadaye seli huyavuta tena. Ni mnyauko wa urongo!

Kasoro ipo. Mrongo lazima awe na nia, na mmea hauna ubongo. Lakini mwenye haya naye je?

Mmea wenyewe ni mgeni, kwao ni Amerika ya kitropiki. Jina ni la huku, la watu waliougusa, wakasubiri, wakaona.

Ndiyo maana nina ugomvi na fomu zetu za utafiti. Zina safu ya "jina la kienyeji": tunaandika neno, tunasonga mbele. Nami nimefanya hivyo Uluguru, mara nyingi tu. Ukienda uwandani, ongeza safu moja: maana yake. Mzee anayekutajia jina huenda anakupa matokeo ya uchunguzi, na wewe unayanakili kama lebo.