Irabu za Verona zimenifumbua macho

Ati opera ni mayowe ya mabwanyenye? Ndivyo nilivyoamini hadi safari iliponifikisha katika Arena ya Verona, Italia, kutazama Aida, kazi ya Verdi. Uwanja huo wa mawe, usio na paa, ulijengwa na Warumi. Tamasha lake la opera lilianza mwaka wa 1913, kwa Aida hiyo hiyo.

Aida, bintimfalme wa Uhabeshi aliyetekwa Misri, aliigizwa na mwimbaji mwenye sauti ya wastani. Hasimu wake, Amneris, alikuwa na sauti ya radi. Jamani, huyu alinitetemesha, ila maneno aliyameza mazimamazima! Yule wa kwanza alitamka kila irabu wazi. Katika tendo la tatu, kando ya Nile, alipoililia nchi yake, nilizifuata silabi zake moja moja, na Kiitaliano changu ni cha kuombea maji.

Hapo nikaiwaza lugha yetu. Kama Kiitaliano, maneno mengi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ndizo zinazobeba sauti ya mwimbaji. Wapenzi wa taarab wanalijua hili. Mara nyingi hunyanyuka kumtuza mwimbaji pale neno linapowagusa.

Basi anayedai Kiswahili hakifai kwa opera atuonyeshe upungufu ulipo. Watunzi wetu nao waache kusitasita. Ala tunayo tayari, nayo ni lugha yenyewe.