Kamba za Mzee wa Lurujo

Uganda haina bahari, na Lurujo haina hata ziwa. Kuna mihogo, ufuta, miembe, na vumbi jekundu la vijia vinavyoachana na ile barabara ya lami ya Arua, Koboko hadi mpakani Oraba. Huko ndiko alikostaafia mwanamaji. Vijana wa bodaboda humwita Afande, wajukuu humwita Babu, na mimi niliyeoa kwa mdogo wake namwita Mzee. Alitumikia kikosi cha wanamaji cha UPDF, jeshi la Uganda, kwenye Ziwa Victoria, na wanaomtania kwa unahodha wa nchi kavu hawajaliona ziwa lile likichafuka. Ni maji ya kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mawimbi yake hayamuulizi mtu kama nchi yake ina bahari.

Ukimuuliza habari za jeshini, hasimulii. Anatafuta kamba.

Siku niliyoanza kumtazama kwa makini, alikuwa akimfunga mbuzi. Watu wengi hufunga kitanzi cha kuteleza: mbuzi akivuta, kinakaza, akizunguka mti mara tatu, jioni mnachuna ngozi. Mzee hufunga kitanzi kisichokaza. Anakunja kamba ifanye tundu dogo, anapenyeza ncha kutoka chini, anaizungusha nyuma ya ule upande mrefu unaoelekea mtini, kisha anairudisha ndani ya tundu lilelile. Anavuta. Basi. Shingo ya mbuzi inabaki na nafasi ya vidole viwili, hata avute mchana kutwa. Mabaharia wa dunia nzima wanalijua fundo hili, lakini mkononi mwake halichukui muda wa kutamka jina lake. Mimi nilijaribu mara sita. Mara nne lilinifumukia kiganjani, kwa sababu nililaza tundu upande usio wake. Kamba haina huruma na anayekisia.

Kilichonivutia zaidi ni ncha. Kamba zote za boma lile, hata ya ndoo ya kisimani, zimezungushiwa uzi mwishoni, mizingo iliyobanana kama shanga, upana wake ukizidi kidogo unene wa kamba yenyewe. Uzi hauna fundo la nje. Mwanzo wake umelaliwa na mizingo, mwisho wake umevutwa chini yake. Asipofanya hivyo, katani huanza kufumuka nyuzi tatu zikienda kila moja kwao, na kamba nzima huliwa kutoka mwishoni. Mkewe hulalamika kwamba uzi wake wa kushonea huishia huko. Ana haki, nadhani, ila ndoo yake haijawahi kutumbukia.

Anajua pia tabia ya katani mvua ikinyesha: hulowa, hunenepa, hufupika. Kwa hiyo msimu wa mvua kamba ya turubai inayoanikiwa ufuta huachiwa ulegevu kidogo, la sivyo itang'oa vigingi usiku. Nailoni haina tabia hiyo, ikilowa hulegea. Kamba za aina hizo mbili huzitundika kwenye misumari miwili tofauti, na ole wako uzichanganye.

Kiswahili cha kazi hii ni cha kambini. Eneo letu hili la West Nile lilitoa askari wengi tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, na lugha ilirudi nyumbani pamoja nao, fupi na ya amri. Mzee huzungumza Kikakwa na mkewe, lakini kamba huiambia Kiswahili: kaza, legeza, shika, acha. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka minane, amejifunza maneno hayo kabla ya kujua kuhesabu vizuri kwa lugha hiyo.

Jioni moja nilimkuta Mzee akimpima mjukuu huyo. Binti alikuwa amefunga kitanzi kwenye nguzo ya banda. Nilidhani babu ataligeuza fundo na kulikagua. Wala. Aliishika kamba kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote hadi nguzo ikalia, akakaa hivyo kitambo. Kisha akaiachia na kurudi kwenye kigoda chake.

"Fungua," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa mtihani ulikuwa wapi. Fundo la ovyo likishavutwa vile huwa jiwe, unaliendea kwa meno au kisu, na kamba inapungua. Binti hakutumia meno. Aliweka dole gumba kwenye ile shingo inayozunguka upande mrefu wa kamba, akaisukuma mbele, mgongo wa fundo ukavunjika, na kitanzi kikafunguka. Alimtazama babu yake.

"Tena," alisema Mzee, akaelekeza kidevu kwenye msumari wa nailoni.