Swali Lililofutwa: Kusoma Mahojiano ya Maisha kama Matini, kwa Kurejelea Masimulizi ya Mkokoni

Kwa muda mrefu wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameyaachia mahojiano ya maisha wanahistoria na wanaanthropolojia. Mzee huulizwa, hujibu, majibu hunakiliwa, na nakala ile hutumiwa kuthibitisha jambo jingine: mwaka wa njaa, asili ya ukoo, mahari ya zamani. Ni nadra kumwona mhakiki akiyasoma mahojiano yenyewe kama asomavyo utendi au riwaya, yaani kama utungo wenye msimulizi, mpangilio na uteuzi wa maneno. Katika makala haya tunanuia kufanya hivyo kwa kuyarejelea mahojiano machache yaliyonaswa Mkokoni na wanafunzi wangu watatu wa uzamili, mimi nikiwa pamoja nao. Dai letu ni kwamba katika mahojiano ya maisha swali ni sehemu ya matini, na mhariri anayelifuta swali huwa ameliandika upya jibu. Dai hili sikulipata katika nadharia yoyote. Nililipata kutokana na kosa nililolifanya mwenyewe, na ambalo nitalieleza.

Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, kinachotazamana na kisiwa cha Kiwayu, kaskazini ya funguvisiwa la Lamu. Jina lenyewe linautaja mti ulioutawala ufuo ule. Bahari iliyo mbele yake imo katika hifadhi ya Kiunga, iliyotangazwa 1979, na watu wake wengi huishi kwa uvuvi. Historia ya karibuni ya upande huo imekatwa vipande mara mbili. Vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 viliwafanya Wabajuni wengi wa bara wayahame makazi na mashamba yao wakakimbilia visiwani, Lamu mjini, Malindi na Mombasa. Kisha, Septemba 2011, hoteli moja iliyo karibu na kijiji ilishambuliwa na watu wenye silaha, na katika miaka iliyofuata wavuvi wa Lamu walipigwa marufuku kuvua usiku. Mtu anayekwenda Mkokoni kumwuliza mzee juu ya maisha yake yafaa ajue kwamba anauliza pia juu ya mambo hayo, hata kama hakuyataja.

Tuanze na matini zilizotangulia, maana mahojiano ya maisha si mageni katika Kiswahili. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Heinrich Brode alimshawishi Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aandike habari za maisha yake, na maandishi hayo yakachapishwa Berlin 1902 na 1903. Msomaji anayetarajia utoto, wazazi na malezi hupigwa na mshangao: msimulizi anaanza na safari, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu hapo maisha yake ni safari juu ya safari. Baadhi ya wasomaji wameliona hilo kuwa upungufu. Sisi tunaliona kuwa ni muundo. Mtu huyu aliyahesabu maisha kwa misafara kama mwingine ayahesabuvyo kwa ndoa au kwa vyeo. Lakini tujiulize: Brode alimwomba nini hasa, na kwa maneno gani? Ombi halimo katika matini, na kwa hiyo hatuwezi kujua ni kipi alichokinyamazia kwa kuwa hakukithamini, na kipi alichokinyamazia kwa kuwa hakuulizwa.

Mfano wa kale zaidi ni wa ajabu kuliko huo. David Livingstone, Mskoti wa Blantyre, alipofariki 1873, habari za siku zake za mwisho zilipatikana kwa watu wawili waliokuwa naye, Chuma na Susi, walioitwa Uingereza 1874 wakahojiwa na Horace Waller, mhariri wa shajara za mwisho za marehemu. Kwa maneno mengine, mwisho wa mojawapo ya hadithi za maisha ya Waskoti zilizosomwa sana duniani ulisimuliwa na Waafrika wawili walioketi mbele ya mwulizaji. Waller hakuficha kwamba habari zilitoka kwao. Hata hivyo maswali yake hayaonekani, na sauti zao zimeingia katika sentensi zake kama maji yaingiavyo mchangani. Hatujui walitua wapi, wala walisitasita wapi, wala kama kuna swali walilokataa kulijibu.

*Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert nautaja kwa ufupi tu. Ni kazi tuliyoizoea kuisifu, na inastahili. Lakini anayetaka kumsikia Siti mwenyewe humo humsikia zaidi Shaaban Robert akiwaidhi. Hatua kubwa zaidi ni ile ya Sarah Mirza na Margaret Strobel, waliochapisha 1989 masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, na 1991 wakayatoa kwa Kiswahili, lugha ambayo kwayo yalisimuliwa. Toleo la Kiswahili lina thamani kubwa kwa mhakiki kuliko la Kiingereza. Bi Kaje wa Mwenye Matano, aliyetoka katika ukoo uliomiliki watumwa, na Bi Mishi wa Abdala, aliyetoka katika kizazi cha watumwa, wanaueleza mji mmoja kwa sarufi mbili za heshima. Tofauti hiyo imo katika jinsi kila mmoja anavyowataja watu, na tafsiri haiwezi kuibeba yote.

Sasa tuje Mkokoni. Hojaji tuliyokwenda nayo haikuwa yetu. Mwenzangu mmoja aliyewahi kusoma Edinburgh alikuwa amevutiwa na kazi ya Taasisi ya Taaluma za Uskoti iliyoanzishwa katika chuo kikuu cha huko 1951, ambayo watafiti wake walizunguka na vinasa sauti wakiwauliza wakulima, wavuvi na watu wa kuhamahama juu ya maisha yao na mambo waliyoyapenda. Kwa njia hiyo ndivyo Hamish Henderson alivyomfikia Jeannie Robertson wa Aberdeen 1953, mwimbaji ambaye hakuwa na jina nje ya jamaa zake. Mwenzangu alitunga orodha ya maswali kwa mtindo huo, kwa Kiingereza, nasi tukaitafsiri. Kuzaliwa, masomo, ndoa, kazi. Na mwisho swali lililokusudiwa kuwa moyo wa mahojiano: ni jambo gani analolipenda mtu kuliko yote maishani?

Swali hilo lilitutaabisha kulitafsiri, na taabu hiyo ingetuonya kama tungekuwa wasikivu. Shauku ni ya kitu ambacho hukipata bado. Ari inaelekea ushindani. Mapenzi yanaelekea mtu. Uraibu ni wa tambuu na kahawa. Tukaandika “unalolipenda” tukaridhika.

Msimulizi wa kwanza alikuwa mvuvi mzee, aliyekwisha kuacha kwenda baharini. Mwanafunzi alifungua kwa adabu: “Mzee, twaomba utusimulie maisha yako.” Mzee akauliza: “Yangu mimi, mwanangu, au ya hapa?” Mwanafunzi akajibu kuwa ni yake yeye. Pakapita kimya kirefu. Kisha: “Haya. Andika basi.”

Nilipoisoma nakala mara ya kwanza niliyaona mabadilishano hayo kuwa maneno ya kufungulia mlango tu, nikaagiza yaondolewe. Leo nayaona kuwa ndiyo maneno mazito kuliko yote. Msimulizi alitoa tanzu mbili na kumpa mwulizaji achague. Mwulizaji alichagua bila kujua kwamba anachagua, na mzee akaitii hukumu ile. Aliyoyasema baadaye yote aliyasema chini ya sharti hilo.

Alipoulizwa analolipenda, alisahihisha swali: “Kupenda ni kwa mtu. Chombo hakipendwi, chombo huwa maradhi.” (Naomba radhi kwamba maneno yake hapa yamesanifishwa. Nakala ya kwanza iliyofuata Kibajuni haikuhifadhiwa, na hilo pia ni kosa letu.) Kisha akaanza kuvitaja vyombo. Mashua ya baba yake kwanza, na fundi aliyeiunda, na mbao zake, na jinsi ilivyokuwa ikijibu usukani wakati wa kusi, na ilivyokufa. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa yake na ndugu zake: “Tuliiacha juu ya mchanga tukaondoka. Tuliporudi haikuwapo.” Baada ya hapo mwanafunzi, akidhani mzee ametoka nje ya mada, alimshukuru, akasema watalirudia jambo hilo, akakifunga kinasa sauti. Alipokifungua aliuliza: “Ulisoma wapi?” Mzee akajibu: “Chuoni.” Kutoka hapo majibu yake hayapiti maneno matano.

Mimi nilikuwapo. Nilimwashiria mwanafunzi kwa kichwa kwamba amefanya vyema.

Tuitazame ile sentensi ya mashua ya tatu. Katika mahojiano yote neno “shifta” halitajwi, wala vita, wala askari. Ameyafumba yote katika vitenzi viwili, kuacha na kuondoka. Kukosekana kwa sababu kati yavyo si upungufu wa kumbukumbu. Ni aina ya fumbo ambalo kila msikilizaji wa kijijini angelifumbua bila kusaidiwa. Zaidi ya hayo, nafsi imebadilika. Vyombo viwili vya mwanzo vimesimuliwa kwa “mimi” kama alivyoagizwa. Kwenye chombo cha tatu “mimi” inakatika na “sisi” inaingia. Hapo mzee ameyarudia maisha “ya hapa,” yale ambayo mwulizaji aliyakataa dakika chache nyuma. Orodha ya vyombo ndiyo iliyokuwa tawasifu yenyewe, kama safari zilivyokuwa tawasifu ya Tippu Tip, nasi tuliikata ilipofika mahali pake penye uchungu.

Ni rahisi kutoka hapa na kudai kwamba Mswahili hana “mimi,” kwamba masimulizi yake ni ya jamii daima. Dai hilo nimelisikia katika semina zaidi ya moja, na kwa muda nililipenda. Halisimami. Mahojiano ya pili ya Mkokoni yanalivunja. Hayo yalifanywa na mwanafunzi wa kike, bila hojaji, akiwa ameketi mkekani na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akisuka ukili. Mama yule anasema “mimi nilikataa” mara tatu katika habari za posa moja, na kila mara msisitizo unapanda. Kisha anageuka: “Na wewe, mwanangu, umeolewa?” Mwanafunzi anajibu, kwa haya, kwamba aliposwa na posa ikavunjika. Kuanzia jibu hilo hadithi ya mama inabadilika mwendo: anairudia posa ile ile tangu mwanzo, safari hii akimtaja shangazi aliyemsaidia, ambaye katika usimulizi wa kwanza hakuwamo kabisa. Tungeyafuta maneno ya mwanafunzi, tungebaki na mwanamke anayesimulia jambo moja mara mbili kama aliyesahau, ilhali masimulizi hayo mawili yalikuwa ya hadhira mbili: mgeni, na msichana aliyeumizwa na jambo kama lake.

Suala la lahaja linahitaji neno. Wanafunzi wetu hunakili kwa Kiswahili sanifu kwa mazoea, wakidhani wanamstahi msimulizi. Lakini wazee wa kaskazini wangali na lile umbo la kale la kitenzi ambalo wasomaji wa tendi hulikuta katika maneno kama “ufiye” na “nisimeme.” Nakala inayoligeuza kuwa “amekufa” na “nimesimama” humwondolea mhakiki ushahidi kwamba mvuvi akisimulia na mtunzi wa utendi wanashiriki sarufi moja ya kumbukumbu. Vilevile kuhusu vave, nyimbo za wakulima wa Kibajuni zilizoimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuchoma msitu uliofyekwa. Mashamba ya bara yalipoachwa, nyimbo zilipoteza mahali pa kuimbiwa. Anayeuliza “unazijua vave?” hupata ndiyo au la. Anayeuliza “shamba lenu lilikuwa wapi?” huenda akaimbiwa.

Katika hilo Waskoti wana la kutufundisha ambalo mwenzangu hakuliona, kwa kuwa aliangalia maswali yao badala ya daftari zao. Calum Maclean, mtafiti wa kwanza wa taasisi ile, alikuwa mwana wa kisiwa cha Raasay, mzawa wa lugha ya Kigaeli aliyowahoji nayo wazee. Naye alikuwa na desturi, aliyoitoa katika kazi yake ya awali Ireland, ya kuandika shajara ya kila siku: alikwenda kwa nani na alipokewaje. Maswali yake yakipotea, shajara inabaki. Hojaji yetu ilivuka bahari bila shajara, na bila mtu mwenye kuielewa lugha ya baraza ambamo ingesomwa.

Mzee wa vyombo amefariki. Mwaka uliofuata mjukuu wake aliniandikia akiomba sauti ya babu yake, hasa mahali alipozitaja mashua, maana nyumbani wanabishana kuhusu fundi wa ile ya nne. Nilimpelekea tulichonacho. Ni dakika kumi na nne, na zinaishia kwenye sauti ya mwanafunzi wangu ikisema, “Ahsante, mzee, tutalirudia.” Nakala iliyotumwa kwake ina maswali yote. Ile iliyomo katika maktaba ya idara bado haina, na nimeomba irudishwe kwangu ili niyaingize yale yanayosikika.