Slaidi za Higgs: Fonti ya Katuni Ilifuata Nini Pale?

Mliotazama semina ya CERN, maabara ya fizikia, ya Julai 4, 2012 mnakumbuka. Fabiola Gianotti anasimama kutoa matokeo ya jaribio la ATLAS, chembe ya Higgs iliyosakwa karibu miaka 50 ndiyo inatangazwa, na slaidi zimejaa Comic Sans. Lilikuwa kosa la wazi. Wanaojitetea kwamba muhimu ni fizikia waniambie kwa nini fizikia isomwe kwa tabu.

Fizikia yenyewe ilikuwa safi: uhakika wa sigma 5, masi ya chembe takriban 126 GeV.

Turudi kwenye slaidi. Vincent Connare wa Microsoft aliichora Comic Sans mwaka 1994, baada ya kumwona mbwa wa programu ya Microsoft Bob akizungumza kwa Times New Roman. Aliichora kwa skrini za enzi ile, ambapo pikseli ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe, na kwa maneno machache ndani ya puto la katuni. Gianotti akaibebesha mzigo wote: vichwa, orodha, maelezo yaliyobanana kando ya grafu, rangi juu yake. Ikikuzwa ukutani inaumbuka. Mstari una unene uleule mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo penye maungio herufi inavimba. Nafasi kati ya herufi mara zinapwaya, mara zinabana. Halafu kuna mlazo. Wanafizikia huandika vigeuzo kwa mlazo, na Comic Sans ya Windows wakati ule ilikuwa na sura mbili tu, ya kawaida na ya koza. Ukitaka mlazo, kompyuta inaisukuma herufi iliyosimama mpaka iegemee. Fonti isiyo na mlazo wake ilipitaje mlango wa semina ya fizikia?

Simlaumu Connare, na ile kampeni ya kutaka fonti yake ipigwe marufuku sijawahi kuielewa. Nawalaumu wanaoichagua kwa sababu tu wameikuta kwenye menyu. Nilishalalamikia kadi za michango ya harusi, nikalalamikia ratiba za mazishi (mazishi, jamani!), na sijachoka.

Wazee wa kuchora fonti walijua kuuhamisha mkono kwenye herufi. Dom Casual ya Peter Dombrezian, 1951, ni brashi kweli: mstari unanenepa, unakonda, unakatika pale mkono ulipoinuka. Katika Mistral ya Roger Excoffon, 1953, herufi zinashikana kama mwandiko wa mtu mwenye haraka, na mshono huuoni. Wala hata hizo nisingeziruhusu karibu na grafu. Ni za bango, jalada na kibao cha duka.

Aprili 1, 2014, CERN ilitangaza kwamba inahamia Comic Sans, mzaha wa Siku ya Wajinga. Tulicheka. Slaidi za 2012 bado ni mbaya.