Simu, Televisheni na Redio za Mtumba: Namna ya Kuzipima Mbulumbulu

Kifaa cha umeme kilichokwisha kutumika hupimwa kwa swali moja kabla ya bei: kasoro yake inatengenezwa wapi? Kwa mnunuzi wa Mbulumbulu, kata ya wilaya ya Karatu iliyoko upande wa milima ya Ngorongoro, kasoro ni za namna tatu. Kuna ambazo fundi wa Karatu mjini huzimaliza siku hiyohiyo, kuna zinazosubiri kipuri kije na basi kutoka Arusha, na kuna zisizo na dawa popote. Za kwanza hupunguza bei, za pili huipunguza zaidi, na za tatu huvunja biashara.

Katika simu, hizo za tatu ndizo zitafutwe mwanzo, kwa sababu hazionekani kwa macho. Kubonyeza *#06# huleta namba ya IMEI, yenye tarakimu 15, na namba hiyo ikitumwa kwenda 15090 jibu hutaja aina ya simu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, na wengi walioachwa na vipande vya plastiki mkononi ni wale waliokuwa wameamini nembo iliyo mgongoni. Jibu likitaja simu nyingine kabisa, mazungumzo yameishia hapo.

Baada ya IMEI hufuata akaunti. Simu iliyotoka Dubai au Ulaya inaweza kuwaka vizuri mezani kwa muuzaji huku ikiwa bado imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza, na siku itakapofutwa ndipo itakapodai nywila ambayo hakuna anayeijua. Muuzaji mwaminifu huifuta yote mbele ya mnunuzi, kisha huiwasha kama mpya. Anayesema itafunguliwa baadaye na fundi anauza tatizo. Laini ya mnunuzi nayo iwekwe hapohapo na ipigwe simu: baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni za simu za Marekani hazifunguki kwa laini nyingine, na nyingine hazina masafa ya megahezi 800, ambayo hufika mbali kuliko yale ya juu. Simu inayokamata 4G katikati ya Arusha inaweza kupwaya kijijini. Mwisho ni umri wa programu. Mwaka 2025 WhatsApp iliziacha simu zenye Android iliyo chini ya 5.0, hivyo simu ya namna hiyo, hata ikiwa haina mkwaruzo, imebaki ya kupiga na kupokea.

Betri ni kasoro inayotengenezeka, lakini ndiyo inayodanganya kuliko zote. Betri ya lithiamu, ikijazwa na kuisha mara 500 hivi, kwa kawaida hubaki na karibu asilimia 80 ya uwezo wake. Baridi huipunguzia nguvu zaidi, na asubuhi za Juni na Julai katika nyanda hizi za juu betri iliyochoka huweza kuzimika ikiwa bado inaonyesha asilimia 30. Kuipima kunataka subira. Simu huachwa ikirekodi video kwa dakika kumi au kumi na tano, na asilimia zikaangaliwa zinavyoshuka. Betri nzuri hushuka moja moja. Mbovu huruka, kutoka 40 hadi 33 kwa mkupuo. Simu ilazwe pia juu ya meza iliyonyooka: ikizunguka kama pia, betri imevimba. iPhone huonyesha hali ya betri kwa asilimia tangu 2018, lakini namba hiyo ni ushahidi tu, kwani wapo mafundi wenye vifaa vya kuipandisha.

Kioo cha kopi si dhambi ikiwa bei imekubali hivyo. Hutambulika kwa kuzidi kimo cha fremu, kwa rangi zinazofifia simu ikiinamishwa, na kwa kutosomeka juani, jambo lenye uzito kwa mkulima anayefungua ujumbe wa bei ya maharage akiwa shambani. Ili kukagua mguso, alama ya programu yoyote hushikwa kwa kidole na kuburutwa polepole kioo kizima. Inapodondoka ndipo palipokufa. Sistimu chaji, yaani tundu la kuchajia, inayolegea, kwa upande wake, ni kasoro ya kufurahia. Mara nyingi tundu limejaa vumbi tu, na kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa, humaliza kazi. Mnunuzi mjuzi hunyamaza na kuomba apunguziwe.

Kitochi, simu ndogo ya vitufe, kinastahili heshima yake. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilitengenezwa izuie vumbi kwenye vitufe, ikawa na tochi, na betri yake ya BL-5C huchomolewa kwa kidole. Hakuna simu janja ya mtumba inayolingana nayo kwa urahisi wa kutunza.

Kwa televisheni mambo ni mafupi. Chogo bado huonyesha picha kupitia king'amuzi kwa waya nyekundu, nyeupe na njano, lakini hula umeme mwingi kuliko bapa ya LED, na kwa nyumba inayotumia sola hilo linatosha kuikataa. Bapa iliyotumika iwashwe kwa nusu saa, ikiwezekana gizani. Doa jeusi au kona iliyofifia ni dalili kwamba taa za nyuma zinaondoka.

Redio zitokazo Japani zina mtego wake. Masafa ya FM ya huko huanzia megahezi 76 na kukomea 95, wakati Tanzania hutumia 87.5 hadi 108, hivyo stesheni nyingi hazitasikika, na ndivyo ilivyo kwa redio za magari ya Kijapani. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Tanzania 230: kifaa cha huko kisichoandikwa 100–240 nyuma yake kikichomekwa ukutani kitaungua.

Yote yakikubalika, risiti iandikwe jina la muuzaji, namba ya IMEI na siku za garantii. Simu isiyo na risiti haifai kununuliwa mnadani, hata ikiwa nzima kabisa, kwa kuwa mwenyewe anaweza kuwa bado anaitafuta.